Kitabu Kilichofumuliwa

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na karakana yako hamjambo. Mimi mzima. Bado niko kule stoo ya makumbusho, nabandika namba kwenye mifupa ya wanyama waliokufa kabla hajazaliwa mtu wa kuwahesabu. Najua ulitaka nipate kazi yenye dirisha. Dirisha lipo, ila linatazama ukuta.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kitabu. Ni hadithi ndefu ya watu wa kale kabisa, wale wa mapangoni, waliovaa ngozi wakaishi kwa mawe na moto. Kinaitwa *Kabla ya Sindano*. Nilipoona jina hilo, ningemkumbuka nani mwingine? Hapa kazini kinatembea mkono kwa mkono, anayekimaliza anampa mwenzake, na zamu yangu ilipofika niliomba nikutumie wewe. Kwa hiyo ni kitabu cha watu, Shangazi. Nakuomba kikirudi kiwe kama kilivyokuja.

Ukisoma, niambie ukweli wako wote, kama unavyowaambia wateja wanaotaka nguo isiyowafaa. Hasa niambie unamwonaje huyo mwanamke anayeitwa Nyuma. Sisemi zaidi.

Usinipigie simu. Kwenye simu unapiga kelele ili uushinde mlio wa cherehani, na mimi nabaki na nusu ya maneno. Niandikie, kama ulivyokuwa unaniandikia nilipokuwa bwenini.

Mwanao,
Kidole


15 Februari

Kidole wangu,

Marahaba. Sisi wazima, wewe kula. Picha uliyotuma mwezi uliopita niliitazama, blauzi niliyokushonea inakupwaya mabegani, na mimi sikati vipimo vibaya.

Hicho kitabu chako kimeniharibia kazi. Nilikifungua nikijiambia nisome kurasa mbili tatu wakati nakunywa chai. Chai ikapoa mpaka ikaota ngozi. Mpiga Pasi akaniuliza nacheka nini, nikamsomea kile kipande ambapo wanaume wanagombana nani ameukanyaga moto ukazimika, na kila mmoja anamsingizia mbwa wakati mbwa wenyewe hawajafugwa bado. Nilikosea kumsomea. Kuanzia hapo karakana nzima imenivamia. Hata Mama Vifungo, ambaye hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko risiti, ananiuliza asubuhi kabla ya salamu: "Wale watu wamehama?"

Huyo Nyuma nimemwona. Mwanamke mwenye mguu mmoja mfupi, wenzake wakampa jina hilo kwa sababu msafara ukiondoka yeye ndiye wa mwisho. Mama Vifungo alipofika hapo alinitazama usoni, akautazama mguu wangu, halafu akajifanya kuna kifungo kimeanguka akainama kukitafuta.

Ila nitakuambia hili. Huyo bwana aliyeandika anajua kazi. Anajua kwamba ngozi ngumu haishonwi mpaka itobolewe kwanza, na kwamba sindano inajaribiwa kwa kuipitisha kwenye mdomo wa chini, maana kidole cha fundi kimeshakufa ganzi na mdomo haudanganyi. Mwanamume hawezi kuyajua hayo kwa kukaa mezani. Mama yake alikuwa fundi, au alilelewa na fundi. Mpe pongezi zangu ukikutana naye.

Usiogope, kitabu kiko salama. Tunakisoma sote kwa pamoja, kila mtu mahali pake.

Shangazi yako


20 Februari

Ndugu Mhariri,

Umeniuliza tena kuhusu jina, na una haki. Chapa ya kwanza imekwisha, watu wanaazimana nakala mpaka zinachanika, nawe unataka chapa ya pili itoke na jina langu halisi badala ya hilo la kiume tulilolibuni pamoja. Naomba unisubiri kidogo. Shangazi yangu anakisoma sasa hivi, na hajui kwamba mimi ndiye niliyekiandika.

Nikueleze, maana sijawahi kukueleza. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, Shangazi akanichukua. Ni dada yake baba. Alizaliwa na mguu mmoja mfupi, na kwa mguu huohuo alinipeleka shule na kunirudisha, alinibeba mgongoni nilipougua, na alisimama mezani akikata vitambaa tangu asubuhi. Lakini mguu huo hautajwi. Kuna mteja aliwahi kuiga anavyotembea ili awachekeshe wenzake. Alirudishiwa kitambaa chake palepale, hakijaguswa na mkasi, na hajapokelewa tena mpaka leo.

Nami nimeuchukua mguu wake bila kumuuliza, nikampa mtu wa kwenye kitabu. Ndiyo maana nilijificha nyuma ya jina la bwana asiyekuwepo. Nilitaka akisome kitabu kwanza kama kazi ya mtu baki, nisikie atasemaje.

Kila kitu kiko kwenye ile sehemu ya mtoni. Unaikumbuka: mto umefurika, kundi linavuka kwa haraka, Nyuma anaachwa ukingoni pamoja na mtoto mwenye homa ambaye kila mtu ameshamkatia tamaa. Pale mtoni nimeweka jambo moja linalojulikana na watu wawili tu duniani, yeye na mimi. Akilifikia atajua mwandishi ni nani. Na atakavyolipokea ndivyo nitakavyokujibu kuhusu jina.

Wako,
Mwandishi wako


6 Machi

Kwa Bi Harusi wa gauni la mikono ya lesi,

Hongera ya ndoa, mwanangu. Natumaini kiuno hakikukubana wakati wa kula.

Nakuandikia kwa sababu nina shida. Wakati unachukua gauni lako sisi tulikuwa na kitabu hapa. Mafundi saba, kitabu kimoja, kila mtu anakitaka. Nilikigeuza nikaona mgongo wake umeshonwa kwa uzi, tena mshono wa mtu mwenye haraka. Nikakifumua. Nilikigawa vipande saba, kila fundi anasoma chake halafu anakisogeza kwa cherehani ya kushoto. Kazi ilikwenda vizuri mpaka kipande cha tatu kikapotea. Tumepindua karakana, tumetazama mpaka ndani ya mapipa ya vitambaa. Mpiga Pasi sasa anakumbuka kwamba aliyekuwa nacho alikiweka juu ya meza ya pasi, na juu yake likalazwa gauni lako, na gauni likakunjwa.

Kitazame kwenye ile karatasi laini, mwanangu, au ndani ya bitana. Kitabu si changu. Binti yangu ameniazima, naye kaazimwa na watu wa kazini kwake, na ameniomba kirudi kama kilivyokuja. Sijamwambia. Namwambiaje kwamba nimekifumua kama suruali?

Halafu hapa hakukaliki. Kipande cha pili kinaisha Nyuma yuko peke yake ukingoni mwa mto, maji yamejaa, wenzake wanavuka. Kipande cha nne kinaanza yuko mlimani, ana moto wake, ana sindano ya mfupa, na ana msichana anayemsaidia kazi. Mpiga Pasi anasema wenzake walirudi kumchukua. Mama Vifungo anasema alitokea mwanamume ng'ambo. Kuhusu msichana, wengine wanasema ni wa kumzaa. Mimi nawaambia hakutokea mtu yeyote, yule mwanamke alijitoa mwenyewe, lakini sina ushahidi. Nisaidie nishinde.

Fundi wako


8 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sijaelewa tu mnavyosoma wote kwa pamoja kitabu kimoja, lakini najua ukiamua jambo linawezekana.

Sasa bila shaka mmeshafika mtoni. Nakuomba uniambie. Usinifiche. Kama kuna kitu pale kimekuchoma, niambie kimekuchoma, nitaelewa. Kama umekasirika, sema umekasirika. Mimi nilipofika pale nililia, na nina sababu zangu.

Umemwonaje Nyuma pale mtoni? Na yule mtoto?

Mwanao,
Kidole


16 Machi

Kidole,

Marahaba. Mto tumeuona. Ni mto kama mito mingine, una maji na kingo mbili.

Tuna kazi ya sare za shule, wazazi wote wamekumbuka siku moja kwamba watoto wao wamekua. Tutazungumza. Wewe waambie hao wenye kitabu wasiwe na haraka, kusoma si kukimbizana.

Shangazi yako


18 Machi

Fundi wangu, mama yangu,

Shikamoo. Gauni lilinikaa mpaka mawifi zangu wakaishiwa maneno, na wewe unajua hilo ni jambo la nadra.

Kipande chenu ninacho. Kilikuwa kimelala ndani ya karatasi laini, nikadhani ni zawadi mnayowapa maharusi. Nikakisoma wiki ileile ya kwanza, mume wangu akawa ananiuliza tutakula saa ngapi. Nikamsomea ili anyamaze, naye akakibeba kwenda nacho kazini, anapima barabara pamoja na wenzake. Wakakisoma wakati wa mapumziko. Mmoja akakipeleka kwa mke wake ambaye ni mwalimu, mwalimu akawasomea walimu wenzake. Mimi nilifikiri ni hadithi nzima, fupi, yenye mwisho wa kikatili! Kumbe mnazo kurasa nyingine zote, mmetulia nazo huko.

Mama mkwe wangu macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo nilimsomea, na akaniambia nirudie. Pale Nyuma anapombeba yule mtoto mwenye homa na kuanza kupanda kilima, alinishika mkono akasema, "Ngoja. Usisome haraka, anachoka."

Sasa tukubaliane. Nakutumia kipande chenu leo hii, kimepigwa pasi, pembe zilizokunjika nimezinyoosha. Na wewe unitumie vilivyobaki, kimoja kimoja ukipenda. Huku mtaani kwetu kuna watu hawalali. Mama mkwe kwanza anataka jibu moja tu: yule mtoto alipona?

Na wewe umeshinda. Hakutokea mtu yeyote.

Wako mwenye gauni


27 Machi

Ndugu Mhariri,

Ameusoma mto, na amenijibu kwa mistari michache. "Ni mto kama mito mingine." Shangazi yangu anayeweza kujaza kurasa mbili kwa kusimulia mteja mmoja aliyenenepa! Nilimuuliza kuhusu Nyuma, hakutaja. Nilimuuliza kuhusu mtoto, hakutaja. Tangu hapo kimya.

Namjua. Hivyo ndivyo alivyomrudishia yule mteja kitambaa chake, bila ugomvi, bila neno.

Kwa hiyo nakujibu. Katika chapa ya pili ondoa sehemu yote ya mtoni. Nitaandika kurasa chache za kuunganisha. Nyuma asiwe na mguu mfupi, awe mtu mzito tu wa kutembea, au mzee. Na jina libaki la yule bwana. Kitabu kitapungua, najua. Lakini nina Shangazi mmoja tu.

Wako,
Mwandishi wako


1 Aprili

Mwandishi wangu,

Nimekusoma, na nimekataa kwa muda. Kiwanda cha uchapaji kinanipa mpaka katikati ya mwezi. Sitagusa ukurasa kabla ya hapo. Ukiondoa mto, unabaki na watu wanaovaa ngozi na kulalamika baridi. Watu wanaokichanachana kitabu hiki kwa kuazimana wanakichana pale.

Umeniambia alichoandika shangazi yako. Hujaniambia alichosema. Mwulize tena.

Mhariri


9 Aprili

Kidole wangu,

Nina mambo mawili. La kwanza ni dogo. Kitabu chako nilikifumua. Nilikigawa vipande saba ili mafundi wote wasome, na kipande cha mtoni kikaondoka ndani ya gauni la bi harusi, kikasafiri, kikasomwa na wapima barabara, walimu na mama mkwe. Uliponiuliza kuhusu mto mimi sikuwa nimeuona hata tone. Niliona haya kukuambia nimepoteza kitu cha watu, nikakujibu ule upuuzi wa kingo mbili. Haya, limekwisha hilo.

La pili nikae vizuri kwanza.

Kipande kilirudi mchana. Nilikisoma nimesimama kwenye meza ya pasi. Nikasoma Nyuma anaachwa. Nikasoma anambeba mtoto. Nikafika pale wanapolala chini ya jiwe, yeye kachoka mpaka anajua akilala hataamka mtoto akimhitaji. Anachukua ukano mkavu wa swala, ule mshipa anaoshonea, anafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa mtoto na ncha nyingine kwenye mkono wake, ili mtoto akitikisika tu naye ashtuke.

Nikatafuta kiti.

Wetu ulikuwa uzi wa buluu, wa kushonea sare. Ulikuwa na homa iliyokataa kushuka, nami nilikuwa nimekesha mpaka nasinzia nimesimama. Sikumwambia mtu. Baba yako hakulijua, daktari hakulijua, na nilidhani na wewe ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Kwa hiyo, ama huyo bwana aliyeandika alijificha chini ya kitanda changu, ama huyo bwana ni wewe.

Ulidhani nitakasirika. Nimekasirika sana! Mguu ni wangu, uzi ni wangu, mtoto ni wangu, na mwandishi mwenyewe nimemlea mimi, nimemlisha mimi, nimemtoa kidole chini ya sindano ya cherehani kwa mikono yangu hii. Halafu juu ya jalada kuna jina la mwanamume nisiyemjua! Mtu huyo amenifanyia nini mimi? Alinisaidia kukubeba?

Sasa nisikilize kuhusu mguu. Siutaji kwa sababu watu wakiutaja huwa wanauhurumia au wanaucheka. Maisha yangu yote sijawahi kukutana na mtu aliyekaa akauhesabia kazi uliyofanya. Wewe umeuhesabia. Umeupandisha kilima kizima na mtoto mgongoni, hatua kwa hatua, na hukumwonea huruma yule mwanamke hata mara moja, ulimwacha apande. Nimelia, ndiyo. Nimelia kwa furaha na kwa kiburi, na sitaki mtu aniambie kiburi ni kibaya. Mimi ninacho na nimekifanyia kazi.

Siku ya pili nilisimamisha karakana. Nikawasomea kipande kile kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Cherehani zote zilikuwa kimya, mchana, siku ya kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea humu. Nilipomaliza nikawaambia, "Huyu ni mimi. Na aliyeandika ni Kidole." Walipiga vigelegele mpaka jirani wa duka la viatu akaja kuuliza nani anaolewa. Mama Vifungo alililia shati jeupe la mteja, tukalazimika kulifua. Akasema, "Mimi nilijua tangu ule ukurasa wa mguu." Nikamwambia, "Ndiyo maana ulikuwa chini ya meza."

Mama mkwe wa bi harusi aliuliza kama mtoto alipona. Nimemjibu: alipona, amekua, anabandika namba kwenye mifupa na hali chakula vizuri.

Kosa lako ni moja. Wale watu waliomwacha wanaporudi kuomba nguo wakati wa baridi, Nyuma anawasamehe upesi mno. Mimi ningewaacha wasimame nje kwanza, wapige chafya, ndipo nitoe kipimo.

Kitabu nimekishona upya, vipande vyote saba kwa mpangilio wake. Hakikurudi kama kilivyokuja, kimerudi kikiwa na mshono wa fundi. Nimekivika jalada la kitambaa, ile mahameli ya kijani niliyokuwa nimemwekea mteja wa maana. Jina la huyo bwana nimelifunika. Juu yake nimetarizi la kwako, lote, lako na la baba yako na la ukoo, kwa uzi wa buluu. Lilinichukua muda, ndiyo maana nilikaa kimya.

Usijifiche tena. Nani amekufundisha kujificha? Si mimi.

Shangazi yako,
Nyuma


14 Aprili

Ndugu Mhariri,

Kumbe alikuwa hajausoma. Nitakusimulia tukikutana, sasa hivi siwezi kuandika vizuri, wenzangu hapa stoo wananiuliza kwa nini nimekumbatia kitabu.

Acha mto ulivyo. Usiguse hata nukta. Mguu ubaki mfupi.

Nakutumia nakala hii yenye jalada la mahameli. Ipige picha, hilo ndilo jalada la chapa ya pili, pamoja na ile herufi ya mwisho iliyopinda kidogo, usiinyooshe. Jina lichukuliwe kama alivyolitarizi. Ukimaliza nirudishie kwa mkono wako mwenyewe, usiitume.

Nakuomba jambo moja tu la kuongeza. Wale watu wanaporudi kuomba nguo, niachie aya moja. Nataka wasimame nje kwanza.

Mwandishi wako, kwa jina langu


2 Julai

Kidole wangu,

Vitabu vipya vimefika. Sanduku zima! Wewe umeandika kwamba ni vya kugawa, nami nimegawa: kila fundi chake, wa duka la viatu kimoja, na vitatu vimekwenda kwa bi harusi maana mama mkwe wake anataka cha kwake mwenyewe, asisubiri zamu baada ya wapima barabara. Sijafumua hata kimoja. Ila mshono wa hao watu bado ni wa haraka, waambie.

Wale watu wanapiga chafya vizuri sana. Mpiga Pasi aliusoma ukurasa huo mara tatu.

Cha kwangu nimekiweka dirishani, pale ninapotundikaga nguo iliyo tayari ili wapita njia waione. Jana aliingia mteja mgeni, mama wa makamo, amekuja kupunguza sketi. Alikuwa amekisoma, dada yake alimwazima. Akakishika akaniambia, "Huyu Nyuma amenikaa moyoni. Unafikiri kulikuwa na mtu wa kweli, au wameamua tu kubuni?"

Mama Vifungo akainamisha kichwa kama kawaida yake.

Niliweka mkasi chini, nikainuka, nikatembea kutoka mezani mpaka mlangoni, nikageuka, nikarudi. Sikuharakisha. Nilitaka aone vizuri.

Halafu nikachukua chaki nikamwambia, "Haya, simama wima nikupime."

Shangazi yako